Samaki Mdogo, Bakuli Dogo: Uongo Unaoua

“Samaki mwenyewe ana sentimita tatu, maji mengi ya nini?” Kwa hoja hiyo watu hutoka madukani na neoni wawili ndani ya mfuko wa nailoni, wale wenye mstari wa buluu unaong'aa, pamoja na bakuli la kioo la lita nne. Haupiti muda samaki wanaelea, na mnunuzi anaambiwa neoni ndivyo walivyo, hawaishi. Si kweli. Neoni akitunzwa vizuri hufikisha miaka mitano, hata kupita.

Bakuli ndilo linalomuua. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua usiku na mchana, na chakula kilichobaki kikioza huongeza nyingine. Katika tangi lililokomaa, bakteria walioota kwenye filta na changarawe huigeuza amonia kuwa nitriti, nayo ni sumu vilevile, kisha kuwa nitrati ambayo ukali wake ni mdogo sana. Kuwastawisha bakteria hao huchukua mwezi mzima, mara nyingi mwezi na nusu. Ndani ya lita nne sumu haina pa kutawanyika. Chembe chache za chakula kilichozidi zinatosha kuleta msiba, na maji yakiwa ya moto amonia huzidi makali. Mwenye bakuli akiona ukungu humwaga maji yote, husugua changarawe, hujaza maji ya bomba yenye klorini. Amewaangamiza bakteria kwa mikono yake, akidhani anafanya usafi.

Kisha joto. Maji machache hupata moto upesi na kupoa upesi. Bakuli lililowekwa dirishani Nairobi huchomwa na jua la mchana, usiku likapigwa na baridi, na neoni anataka nyuzi 22 hadi 26 zisizoyumba.

Lakini linaloniuma zaidi ni hao samaki kuwa wawili tu. Neoni ni wa vijito vya Amazon ya juu, vingi vikiwa na maji ya rangi ya chai, kwenye samaki wakubwa wanaomwinda. Kinga yake ni kundi: adui akikabiliwa na mistari mingi inayogeuka pamoja hukosa wa kumlenga. Neoni aliyetengwa na wenzake hujibanza pembeni, rangi ikafifia, akasita kula, na mwili unaoishi kwa hofu hushindwa na maradhi madogo. Kumi ndiyo idadi ninayoitetea, katika tangi la lita 60, lenye urefu unaozidi kimo chake, kwa sababu wao huogelea kwa kukata urefu wa tangi.

Najua tangi ni ghali kuliko bakuli. Bei ya samaki kuwa ndogo haiwi ruhusa ya kumtesa, na anayesubiri mpaka apate fedha hajapoteza kitu. Wauzaji ndio nawadai zaidi, kwa kuwa haya yote wanayajua: mteja asiye na tangi lenye filta iliyokwisha komaa, msimfungie samaki.