Mkopaji aanze na rejesho, si na riba

Mkopaji akiambiwa riba ni asilimia 2 kwa mwezi, huona amepata mkopo nafuu. Lakini asilimia 2 hiyo ina sura mbili. Ipo riba inayokokotolewa kwa salio, ambayo hupungua kadiri deni linavyolipwa, na ipo inayokokotolewa juu ya mkopo wote wa mwanzo mpaka mwezi wa mwisho. Chukua mkopo wa shilingi 1,000,000 wa miezi 12 kwa njia hii ya pili. Riba yote ni 240,000 na rejesho ni kama 103,333 kila mwezi. Mwezi wa 12 deni lililobaki ni dogo sana, ila riba anayotozwa bado ni ya milioni nzima. Hapo hakuna aliyedanganya kwa maneno, lakini mkopaji hajajua anachonunua.

Dawa yake ni kuanzia mwisho na kurudi nyuma, na lahajedwali linaifanya kazi hiyo vizuri kuliko karatasi na kalamu. Weka mkopo, idadi ya miezi na riba, kila kimoja katika seli yake, kisha fomula ya PMT ikupe rejesho. (Jibu huja na alama ya kutoa, kwa kuwa ni fedha inayotoka mfukoni, hivyo na lengo liandikwe vivyo hivyo.) Sasa geuza swali. Kwenye Excel, amri ya Goal Seek inakuuliza mambo matatu tu: seli ipi, ifikie kiasi gani, na ibadilishwe seli ipi. Taja rejesho, andika 103,333 kwa alama yake, kisha taja riba. Programu itajaribu namba moja baada ya nyingine hadi ikuletee karibu asilimia 3.5 kwa mwezi. Hiyo ndiyo riba ya kweli ya mkopo ule ukiupima kwa salio. Kwa njia hiyohiyo, mwenye uwezo wa kulipa 150,000 kwa mwezi kwa miezi 12 atagundua kwamba asilimia 2 ya salio inampa mkopo wa takriban 1,586,000, na asilimia 2 ya mkopo wote inampa 1,451,600 tu. Kwa mama anayeuza vitenge, tofauti hiyo ya zaidi ya laki moja na thelathini ni mzigo mzima wa bidhaa.

Wapo wanaopinga, na hoja yao ina uzito: kuanza na jibu ndiko kunakozaa takwimu za kupikwa. Mwandishi wa andiko la mradi hutafuta idadi ya wateja itakayofanya mkopo upitishwe, kisha huiandika kana kwamba ameihesabu dukani. Ni kweli hayo hutokea. Ila kosa liko kwenye kuigeuza namba iliyotafutwa kuwa namba iliyoonekana. Hesabu ikisema biashara inahitaji wateja 40 kwa siku, na wanaoingia ni 15, imetoa onyo. Mwaminifu atapunguza mkopo au kuongeza miezi. Anayebadilisha 15 kuwa 40 angedanganya hata kwa kalamu.

Kwamba wakopaji wengi hawana kompyuta si kikwazo kikubwa. LibreOffice hupatikana bure na ina amri kama hiyo, na hata kwenye simu mtu anaweza kubadilisha riba kwa mkono mara kadhaa mpaka rejesho lilingane. Kompyuta zenyewe tayari zipo kwenye meza za SACCOS nyingi na za watoa mikopo, na maofisa wao huzitumia kila siku kupanga marejesho. Wanachokosa wakopaji ni nafasi ya kuiona hesabu hiyo kabla ya kalamu kugusa mkataba. Ofisa mikopo, geuza kioo kimwelekee mteja wako, muulize anaweza kulipa kiasi gani kwa mwezi, na muanzie hapo.