Kufunga Duka Si Kutibu

Kila ukifanyika msako wa maduka ya dawa, wapo wasomi wanaoshangilia: yafungwe yote, dawa iuzwe na mfamasia peke yake. Shangwe hizo hutoka mjini, ambako duka likifungwa kuna jingine ng'ambo ya barabara.

Tanzania tumeshawahi kuamini kwamba marufuku inatosha. Mwaka 1977 sheria ilizuia hospitali binafsi za kibiashara, zikabaki za serikali na za mashirika ya dini. Nia ilikuwa njema, ila nia haijazi stoo ya dawa. Mwaka 1991 sheria ikalegezwa.

Duka la dawa baridi lilikuwa na marufuku yake pia. Kibali kiliruhusu panadoli na nyingine zisizohitaji cheti cha daktari; antibiotiki, hapana. Basi zikahamia chini ya kaunta. Zahanati imefungwa, mtoto anachemka, mama anatoa noti iliyokunjwa. Muuzaji anachungulia nje, anainama, anaibuka na karatasi ya amoksilini, anakata vidonge vinne kwa mkasi. "Mfungulie, mkorogee na maji." Basi. Haulizi uzito wa mtoto wala kuandika popote, kwa kuwa kisheria hajauza kitu.

Mwaka 2003 mkoani Ruvuma ikajaribiwa njia nyingine, maduka ya dawa muhimu, ambayo baadaye yalienea nchini. Muuzaji akapewa mafunzo, duka likakaguliwa, na baadhi ya antibiotiki zikaruhusiwa. Dawa ileile ikapanda rafuni, mahali mkaguzi anapoiona.

Mashabiki wa soko huria wasinipigie makofi bado. Vile vidonge vinne vilikatwa na soko: mama alikuwa na hela ya vinne, akauziwa vinne. Mseto wa malaria kwa mtu mzima ni vidonge 24 kwa siku tatu, na homa ikitulia siku ya pili mnunuzi hana namna ya kujua kwamba vilivyobaki bado vina kazi. Nyanya mbovu utaibonyeza uijue. Dozi pungufu huibonyezi.

Kwa hiyo wakaguzi waongezwe, na anayekata dozi anyang'anywe kibali. Aliyefunzwa aachwe auze mchana kweupe. Na anayeshikilia kwamba duka la kijijini lifungwe, atutajie kwanza mfamasia aliye tayari kuhamia huko.