Usilalie noti, zipeleke Kakese!

Wiki hii tuache kidogo stori za mapenzi, tuongee mshiko. Ukimtajia kijana wa mjini neno kuwekeza, anawaza wazee wenye tai pale Soko la Hisa la Dar es Salaam, lile lililoanza kuuza hisa Aprili 1998. Nani kakwambia ni wao tu? Hata huku kwetu Kakese, Mpanda, mwenye laki mbili tatu zake anaweza kuwa bosi. Bosi wa kweli, siyo wa kijiweni.

Kakese ni mpunga. Mavuno yakikolea, kila mtu anauza kwa mpigo: kuna ada ya mtoto, kuna deni la vibarua. Bei inalala. Hapo ndipo unanunua magunia yako mawili matatu, makavu, unayaweka stoo mpaka mvua zirudi na akiba za watu ziishe. Mara nyingi bei inapanda. Ila toa kwanza hela ya magunia, usafiri, stoo na mashine. Na kilo 100 za mpunga ukizikoboa, ukipata 65 za mchele shukuru Mungu.

Tena mtu asikudanganye kwamba bei hupanda kila mwaka. Mwaka 2013 mchele wa nje uliruhusiwa kuingia bila ushuru, bei ikaporomoka, na waliokuwa wameficha mzigo wakabaki wameshika tama.

Njia ya pili ni ubia. Jirani ana shamba na nguvu, wewe una hela ya kulimia na kupalilia. Andikianeni mapema: mavuno mtagawana vipi, na mvua ikigoma je? Sainini mbele ya mashahidi hata kama ni shemeji yako. Hasa kama ni shemeji yako! Lakini kumvizia mama wa watu ana njaa, ukamnunulia mpunga wake ungali mbichi shambani kwa bei ya kutupa, huo siyo ubia. Ni unyonyaji mchana kweupe.

Ya tatu ni kikoba. Kila wiki unanunua hisa, mama ntilie anakopa anaongeza sufuria, anarudisha na riba, mwisho wa mzunguko mnagawana. Kwa sheria ya huduma ndogo za fedha ya 2018, vikundi hivi vinatakiwa kusajiliwa. Kwa hiyo omba kuona cheti kabla hujafungua pochi.

Sasa wapo wajanja watakaokwambia weka kidogo, vuna mara mbili, hasara hakuna. Wakumbushe DECI. Watu "walipanda mbegu" weee, mpaka serikali ilipoingilia mwaka 2009, vilio vikatawala. Hapakuwa na shamba wala gunia pale; hela ya aliyekuja leo ndiyo iliyomlipa wa jana.

Kwa hiyo, mshikaji, kabla hujatoa hata mia, uliza maswali matatu. Mzigo uko wapi? Nani analala nao? Ukiharibika, nani anaumia? Akikujibu hilo la tatu bila kupepesa macho, huyo ni mbia. Akicheka tu na kukupigapiga begani, rudisha noti zako mfukoni, kanywe chai.

Tukutane wiki ijayo!