Mpishi wa Sokoni na Baraza la Mji

Siku moja nilipita sokoni Ifakara, nikawakuta wanafunzi wawili wamesimama mbele ya kibanda cha wali, mmoja akingoja arudishiwe fedha zake zilizobaki. Mwenzake akamwuliza, "Wewe ukikua utakuwa nani?" Akajibu, "Nitakuwa kiongozi wa watu. Sitauza wali kama huyu." Mama mwenye kibanda alisikia, wala hakusema neno, akampa fedha zake, akaendelea kupakua. Nimeyafikiri sana maneno ya mtoto yule, na kwa maoni yangu alikosa.

Tazameni kazi yenyewe. Kabla ya jua kuchomoza mama huyu amekwisha koka moto. Yampasa kukadiria mchele wa watu asiowajua idadi: akipika mwingi, kiporo ni hasara yake, akipika haba, wenye njaa huenda kwa jirani. Kambale na perege wa mto Kilombero hupanda bei na kushuka kwa kadiri ya maji, lakini mchukuzi wa magunia hataki kusikia habari za maji. Ataka sahani yake kwa bei ya jana. Wengine hula kwa deni mpaka wapate ujira wao, naye hukumbuka madeni hayo yote kwa kichwa. Tena akimpakulia mmoja kwa ukarimu na mwingine kwa choyo, kesho benchi lake li tupu. Hujua pia kisima kipi kimekauka na nyumba ipi ina mgonjwa, maana watu husema wakila. Mjumbe wa baraza gani ajua zaidi ya hayo?

Watu humwita mama ntilie, yaani "mama, nitilie". Ni jina la mzaha kidogo, lakini halina ubaya.

Wakubwa wenu wakumbuka jinsi mambo yalivyokuwa Kivukoni kabla ya daraja la Kilombero kufunguliwa mwaka 2018. Msafiri wa kwenda Mahenge alingoja pantoni, na msafiri angojaye huona njaa. Habari za ng'ambo zote mbili zilifika penye sufuria, na mara nyingi zilifika huko kabla hazijafika ofisini.

Mtoto yule wa sokoni hakuijua habari ya Dar es Salaam ya mwaka 1955. Chama cha TANU kilikuwa kimeanzishwa mwaka 1954, lakini watumishi wa serikali ya Waingereza walikatazwa kuingia katika vyama vya siasa. Karani mwenye elimu aliogopa kufukuzwa kazini, na hofu yake ilikuwa na haki. Basi chama kilipata wapi watu? Bibi Titi Mohamed, aliyekuwa mwimbaji katika ngoma ya mjini, alipewa kazi ya kuwakusanya wanawake. Aliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma, nao wakawaita wenzao. Kwa muda wa miezi michache wanawake wapatao 5,000 walikuwa wamejiandikisha. Wengi wao walikuwa wauza maandazi, vitumbua na samaki wa kukaanga, na wengine wapika pombe. Hawakuwa na bwana wa kuwafukuza. Walikuwa na fedha yao wenyewe, ijapokuwa ndogo, na kila siku waliongea na watu wa kila namna. Walipita nyumba kwa nyumba, wakauza kadi za chama kama walivyozoea kuuza vitumbua. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, na mwaka uliofuata Bibi Titi akawa mwenyekiti wa Umoja wa Wanawake wa Tanganyika.

Sheria ya leo nayo haikumfungia mpishi mlango. Halmashauri ya kijiji ina wajumbe 15 hadi 25, nao huchaguliwa kila baada ya miaka 5. Mara ya mwisho kuchagua ilikuwa tarehe 27 Novemba 2024. Mgombea awe na miaka 21, ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, adhaminiwe na chama chake, tena awe na kazi halali ya kumpa riziki. Kuuza wali ni kazi halali.

Najua mtaniambia kwamba si kila mpishi afaa kuongoza. Ni kweli, wako wenye kuongeza maji katika maharage. Tena yuko mtu mwingine, naye ni wa hatari zaidi: yule asiyepika mwaka mzima, kisha wakati wa kura hupika pilau la bure kwa mtaa wote. Huyo msimlinganishe na mama lishe. Yeye huwalisha watu mara moja ili wanyamaze miaka mitano, lakini mama lishe hukaa mahali pale pale, na aliyepunjwa jana humjia leo kumdai.

Kizuizi kikubwa, nionavyo mimi, ni saa. Mikutano ya hadhara mara nyingi huitwa saa nne asubuhi, wakati ambapo wali uko motoni na wenye njaa wameanza kuja. Mpishi hawezi kuondoka, kwa hiyo hayupo panapojadiliwa ushuru wa soko, na maji, na takataka zilizo nyuma ya kibanda chake mwenyewe. Wazee wa mitaa wangeweza kuita mkutano saa kumi alasiri. Saa hiyo sufuria zimekwisha oshwa.