Chanjo ya nyegere Uingereza: Dawa ipo, wa kuidunga ndio wachache

SERIKALI ya Uingereza ilipotangaza mnamo Agosti 2024 kwamba itakomesha mauaji ya nyegere katika eneo la England kabla ya muhula wa bunge lililochaguliwa mwaka huo kutamatika, watetezi wa wanyama walishangilia. Wafugaji wengi nao walinung'unika. Katika kelele hizo zote, wachache walilitafakari swali lililo muhimu zaidi: je, ni nani atakayeamka alfajiri kwenda kuwachanja wanyama hao?

Swali hilo si dogo. Chanjo ya nyegere ilipata idhini ya kutumiwa nchini humo mwaka 2010, na tangu hapo haijawahi kukosa watu wa kuisifu. Ilichokosa ni maafisa wa kutosha wa kuipeleka nyanjani, pamoja na wakulima walio tayari kuwafungulia maafisa hao malango ya mashamba yao.

Ikumbukwe kuwa nyegere anayezungumziwa hapa si yule mla asali anayefahamika Afrika Mashariki kwa ukali wake. Nyegere wa Ulaya ni wa ukoo huo huo, lakini ana desturi zake. Ni mnyama wa usiku, mwenye uso mweupe uliopigwa mistari miwili myeusi, na huishi na jamaa zake katika mashimo yanayoweza kurithiwa kizazi baada ya kizazi. Chakula akipendacho ni nyungunyungu, na nyungunyungu hupatikana kwa wingi katika malisho ya ng'ombe. Hapo ndipo uhasama ulipoanzia.

Bakteria aitwaye Mycobacterium bovis, aliye na udugu wa karibu na yule anayesababisha kifua kikuu kwa binadamu, huwashambulia ng'ombe na nyegere vilevile. Ugonjwa huvuka pande zote mbili: ng'ombe humwambukiza nyegere, naye nyegere humwambukiza ng'ombe. Binadamu huweza kuupata hasa kwa kunywa maziwa ambayo hayajachemshwa, na hiyo ni mojawapo ya sababu za maafisa wa afya, hapa Kenya pia, kuhimiza maziwa yachemshwe kabla ya kunywewa.

Kwa mfugaji wa Uingereza, ugonjwa huu ni pigo la ghafla. Ng'ombe wake hupimwa kwa kudungwa ngozini, na yule anayepatikana na dalili za maambukizi huchinjwa kwa amri ya sheria, hata kama anaonekana mwenye siha na hata kama ana mimba. Shamba zima huwekewa vikwazo, na mfugaji hawezi kuuza mifugo wake apendavyo hadi vipimo vitakapoonyesha kuwa kundi limetakasika. Fidia hulipwa, lakini hairejeshi uzao ambao familia imeulea kwa miongo mingi.

Serikali ilipotoa tangazo lake la 2024, ilisema kuwa katika kipindi cha mwongo mmoja ng'ombe zaidi ya 278,000 walikuwa wamechinjwa kwa lazima na nyegere zaidi ya 230,000 kuuawa, huku walipa kodi wakigharimika zaidi ya pauni milioni 100 kila mwaka. Hizo si takwimu za vita vilivyokwisha kushindwa na adui. Ni takwimu za vita ambavyo vimewachosha wote waliomo.

Bunduki na mipaka yake

Nyegere wa kwanza aliyethibitishwa kuwa na ugonjwa huo alipatikana katika kaunti ya Gloucestershire mwaka 1971. Tangu wakati huo, serikali moja baada ya nyingine imejaribu kumwangamiza. Katika miaka ya 1970 mashimo yalitiwa gesi ya sumu, mbinu iliyokomeshwa mwaka 1982. Baadaye, kati ya 1998 na 2005, lilifanywa jaribio kubwa la kisayansi ambapo takriban nyegere 11,000 waliuawa ili ijulikane kama mauaji husaidia.

Ripoti ya mwisho ya jopo huru lililosimamia jaribio hilo, chini ya uenyekiti wa John Bourne, ilitolewa mwaka 2007. Ilibainika kuwa ndani ya maeneo ambamo nyegere waliuawa kwa wingi, maambukizi ya ng'ombe yalipungua. Hata hivyo, pembezoni mwa maeneo hayo yaliongezeka. Sababu ni kwamba jamii ya nyegere ikivurugwa, waliosalia hutangatanga mbali na makao yao na kuusambaza ugonjwa. Jopo lilihitimisha kuwa mauaji hayangeweza kutoa mchango wa maana katika kuudhibiti ugonjwa huo.

Licha ya hayo, mwaka 2013 mauaji yaliyoidhinishwa kwa leseni yalianza katika kaunti za Somerset na Gloucestershire, kisha yakaenezwa kwingineko. Wanaoyaunga mkono wana hoja ambayo haifai kupuuzwa. Uchunguzi wa wataalamu wa serikali uliochapishwa mwaka 2024 ulionyesha kuwa katika maeneo 52 ya kwanza, visa vipya katika makundi ya ng'ombe vilikuwa vimeshuka kwa asilimia 56 kufikia mwaka wa nne. Lakini watafiti hao hao walikiri kwamba hawangeweza kutenganisha athari ya mauaji na ile ya hatua nyingine zilizotekelezwa wakati mmoja, kama vile upimaji mkali zaidi wa ng'ombe.

Kazi ya alfajiri

Njia mbadala ni chanjo, na chanjo ni kazi ya miguu na mikono. Dawa inayotumika ni BCG, ile ile wanayodungwa watoto wachanga katika hospitali za Kenya ili kuwakinga dhidi ya kifua kikuu, ila imetengenezewa kipimo cha nyegere. Haiwekwi katika chakula. Lazima kila mnyama anaswe, adungwe sindano, kisha aachiliwe.

Kazi yenyewe huanza siku nyingi kabla ya sindano. Afisa wa nyanjani huzunguka shamba akitafuta dalili: vijia vilivyokanyagwa nyasini, vinyesi, na nywele zilizonaswa kwenye seng'enge. Akishayajua mapito ya wanyama, huweka mitego ya vizimba vya waya na kuifunga milango yake ibaki wazi. Kila siku huweka njugu karanga na kuzifunika kwa jiwe zito, kwa kuwa nyegere ana nguvu za kulipindua ilhali wanyama wadogo hawawezi. Hatua kwa hatua njugu husogezwa hadi ndani ya kizimba, na nyegere huzoea kuingia na kutoka bila hofu.

Baada ya wiki moja au zaidi ya mazoea hayo, milango hutegwa kwa usiku mmoja au miwili. Afisa hurejea kunapopambazuka, kwa maana haifai mnyama akae kizimbani jua likiwaka. Chanjo huwa imehifadhiwa kwenye ubaridi wa kati ya nyuzi 2 na 8, na ikishachanganywa huwa haina maisha marefu. Kwa utulivu, afisa humsogelea mnyama, humdunga kwenye misuli ya nyuma kupitia matundu ya waya, humkata manyoya kidogo na kumpaka rangi ili akinaswa tena usiku wa pili asidungwe mara mbili. Kisha mlango hufunguliwa, naye nyegere hutimua mbio kuelekea kichakani.

Shughuli hii hufanywa kati ya Mei na Novemba pekee, kwa sababu miezi ya awali ya mwaka ni ya kuzaa na kunyonyesha. Nyegere hulindwa na sheria ya mwaka 1992, kwa hivyo hata kumnasa ili kumchanja huhitaji leseni, na mchanjaji lazima awe amepata mafunzo na cheti. Aidha, hutakiwa kuvaa glavu na kusafisha viatu na vifaa vyake kwa dawa kabla ya kuingia shamba jingine. Afisa anayebeba matope ya shamba moja hadi jingine anaweza kuwa msambazaji wa ugonjwa anaoupiga vita.

Ushahidi wasemaje?

Chanjo haimponyi nyegere aliyekwisha kuambukizwa. Huo ni udhaifu ambao wapinzani wake huutaja kila mara, nao ni wa kweli. Nguvu yake ni kuwakinga wazima, hasa vitoto vinavyozaliwa kila mwaka, huku wagonjwa wakifa kwa wakati wao bila jamii kuvurugwa. Utafiti uliofanywa Gloucestershire na kuchapishwa mwaka 2012 ulionyesha kuwa pale ambapo zaidi ya thuluthi moja ya nyegere wa jamii moja walichanjwa, hatari ya vitoto ambavyo havikuchanjwa kupatikana na maambukizi ilishuka kwa asilimia 79.

Mfano wa karibuni zaidi unatoka Cornwall. Huko, wafugaji wenyewe walishirikiana na wanasayansi wa taasisi ya wanyama ya London, ZSL, katika mashamba 12. Kwa muda wa miaka minne walichanja nyegere 265. Idadi ya waliopatikana na dalili za maambukizi ilishuka kutoka asilimia 16 hadi sufuri, kulingana na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2024. Eneo hilo lilikuwa dogo, na utafiti haukupima iwapo ng'ombe nao walinufaika. Kwa hivyo, haufai kuchukuliwa kama hukumu ya mwisho. Lakini ulithibitisha jambo moja: chanjo hufanikiwa pale ambapo mwenye shamba ni mshirika, si mtazamaji.

Jambo la pili ni gharama. Wales, ambayo hujiamulia yenyewe masuala ya afya ya mifugo, iliamua kuchanja badala ya kuua katika sehemu ya kaskazini ya Pembrokeshire. Mnamo 2012, mwaka wa kwanza wa mpango huo, nyegere 1,424 walichanjwa kwa takriban pauni 943,000, yaani zaidi ya pauni 660 kwa kila mnyama. Dawa yenyewe ilikuwa sehemu ndogo ya gharama hiyo. Kilichogharimu ni watu, magari, vizimba na majuma ya maandalizi. Mwishoni mwa 2015 mpango huo ulisitishwa kutokana na uhaba wa BCG duniani, wakati ambapo watoto walistahili kupewa kipaumbele.

Somo hapo ni bayana. Chanjo ya nyegere si jambo la kufanywa mwaka mmoja na kuachwa. Kila mwaka huzaliwa vitoto ambavyo havina kinga. Serikali ikiajiri maafisa leo na kuwafuta kesho bajeti ikibana, fedha za awali zitakuwa zimemwagwa mchangani.

Ndiyo maana ahadi ya 2024 ya kuunda kikosi maalumu cha wachanjaji, pamoja na kufanya hesabu ya kitaifa ya nyegere, inafaa kupimwa kwa vigezo vya kazi yenyewe. Ni maafisa wangapi watakaopewa mafunzo? Je, watarudi kwenye mashamba yale yale mwaka wa pili, wa tatu na wa nne? Na mfugaji ambaye ng'ombe wake wamechinjwa ataelezwa nini ili aamini kuwa sindano ya nyegere inamfaa yeye pia?

Mfugaji huyo hafai kubezwa. Kwa zaidi ya mwongo mmoja aliambiwa na viongozi wake kuwa suluhisho ni bunduki. Kumgeukia sasa na kumwambia afungue lango kwa ajili ya sindano ni kumtaka aamini neno jipya kutoka kinywa kile kile. Isitoshe, sehemu kubwa ya maambukizi hupita kutoka ng'ombe mmoja hadi mwingine, jambo ambalo chanjo ya nyegere pekee haiwezi kulitatua. Chanjo ya ng'ombe wenyewe, ambayo majaribio yake mashambani yalianza mwaka 2021, ingali inasubiriwa, kwa kuwa lazima kipatikane kipimo cha kutofautisha ng'ombe aliyechanjwa na aliyeambukizwa.

Kenya ina kumbukumbu yake ya jambo kama hili. Ugonjwa wa kimeta ulipowaua punda milia wa Grevy katika eneo la Wamba, Samburu, kati ya 2005 na 2006, maafisa wa wanyamapori waliwachanja zaidi ya 600 kati ya wanyama hao adimu kwa kuwadunga kutoka mbali. Wakati uo huo, mifugo wapatao 50,000 wa wenyeji walichanjwa. Mnyama wa porini na mfugo wa mwananchi walishughulikiwa pamoja kwa kuwa walikula nyasi moja.

Mazingira ni tofauti na ugonjwa ni tofauti, lakini mantiki ni ile ile. Mfugaji anayeona ng'ombe wake akilindwa hana sababu ya kumwonea kijicho mnyama wa porini anayelindwa jirani yake.

Uingereza sasa ina dawa, ina sheria na ina ahadi ya serikali. Mafanikio ya ahadi hiyo hayataamuliwa bungeni London. Yataamuliwa kila Mei, saa za alfajiri, kwa idadi ya maafisa watakaofika malangoni wakiwa na vizimba na njugu zao, na idadi ya wafugaji watakaowafungulia.