Pafu Lililopasuka

Kwetu pwani wako wazamiaji wanaoshuka na mitungi ya hewa kutafuta riziki. Wengine hukagua meli bandarini, wengine huongoza wageni Unguja na Mafia. Twapenda kusema nao, na wanaowaajiri pia.

Mwaka 1662 mtaalamu Robert Boyle alichapisha kanuni ya kuwa mgandamizo ukipungua hewa hutanuka. Kina cha mita 10 baharini mgandamizo ni maradufu ya ule wa juu. Basi mtu aliyejaza kifua hewa ya mtungi huko chini, akapanda huku amezuia pumzi, hewa ile hutanuka ikalipasua pafu. Yaweza kuvuja kifuani, au kuingia katika damu na kufika ubongoni, ikaua.

Lakini hatari haiishi maumivu yanapokoma. Pafu lililopasuka mara moja laweza kupasuka tena, hasa likiwa na kovu au vifuko vinavyonasa hewa. Na ambaye pafu lake lilipasuka lenyewe pasipo sababu ya dhahiri, madaktari wengi humkataza kuzamia maisha yake yote.

Kwa hiyo twasema waziwazi: mtu asirudi majini kwa kuwa anajiona mzima, wala kwa kuwa mwajiri ana haraka. Apigwe picha za kifua, na ruhusa itolewe na daktari ajuaye mambo ya uzamiaji. Akikatazwa, apewe kazi ya nchi kavu, asifukuzwe. Mtungi ukitoboka hununuliwa mwingine. Pafu la mfanyakazi haliuzwi dukani.