NANI MGENI HAPA BUSIA?

Wahenga walinena kwamba mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawakusema siku ya tatu umwulize kitambulisho. Nimeshika kalamu kwa sababu ya neno lililosemwa katika mkutano wa chama chetu muhula uliopita, wakati jina la mwenzetu mmoja lilipopendekezwa kwa cheo cha katibu. Sauti ilitoka nyuma: "Si huyo ni Mganda? Katibu wa chama cha Kiswahili atakuwaje Mganda?" Watu wakaangua kicheko, jina likafutwa ubaoni, mkutano ukaendelea kana kwamba hakuna lililotendeka.

Mwenzetu huyo sitamtaja jina kwa kuwa yeye mwenyewe hapendi maneno mengi. Alizaliwa Iganga, akaletwa kwa shangazi yake hapa Busia akiwa darasa la pili. Yeye ni Msoga, lakini kwetu kila aliyetoka ng'ambo huitwa Mganda, awe Msoga, Mgwere au hata Msamia ambaye babu yake na babu yako walichunga ng'ombe pamoja.

Sasa nauliza: mtu wa ng'ambo akishazoea maisha ya huku, utamjuaje? Mimi nimezaliwa na kulelewa mpakani, na dalili hizo nazijua.

Tazama sokoni. Mgeni hukwambia fungu la mboga ni elfu mbili ukashtuka, maana shilingi moja yetu hubadilishwa kwa zaidi ya 25 za Uganda, naye bado kichwa chake kinahesabu za kwao. Aliyezoea hagawanyi wala hazidishi. Anauliza bei kwa pesa zetu na anapunguziwa kwa pesa zetu. Tazama pia alichobebea. Huku kwetu mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu tarehe 28 Agosti 2017, lakini mgeni huvuka na kaveera lake mkononi akashangaa kuitwa na askari. Mwenyeji hutoka nyumbani na kikapu. Na hata samaki: wale wadogo wa Ziwa Victoria, ng'ambo ni mukene, huku ni omena. Mwenzetu huyu akitumwa na shangazi yake hubadilisha jina la samaki palepale kwenye lango la mpaka bila kufikiri, kama vile mtu avuavyo viatu mlangoni.

Jambo la magoti ndilo lililonifikirisha zaidi. Kwao msichana akimsalimu mtu mzima hupiga magoti. Alipofika hapa alikuwa akipiga magoti mbele ya kila mama, hata dukani, hata njiani kwenye matope, na sisi watoto tulimwigiza tukicheka. Siku hizi huku hapigi. Hutoa mkono na kusema shikamoo kama sisi. Lakini nyanya yake akija kutembea, magoti yanashuka yenyewe. Kuna wanaosema hiyo ni ishara kwamba moyo wake uko kwao. Mimi nasema hapana. Mwacha mila ni mtumwa, na sisi hatutafuti katibu mtumwa. Mtu aliyezoea mahali si yule aliyesahau kwao, bali yule anayejua hapa panatakiwa nini na pale panatakiwa nini.

Tena kuna matanga. Mwaka jana jirani yetu katika ploti alifiwa. Kabla ya kutumwa na yeyote, msichana huyu alikuwa ameshachota mitungi minne ya maji na ameketi na akina mama akichambua mchele. Jina la shangazi yake liliandikwa kwenye daftari la mchango kati ya majina ya Wamarachi na Wakhayo. Matangani mgeni hupewa kiti, mwenyeji hupewa sufuria aoshe. Yeye alikuwa na masizi hadi viwikoni, na sikusikia mtu hata mmoja akiuliza ametoka wapi.

Ati Kiswahili si chake? Jamani, tuambiane ukweli. Sisi wenyewe tunasema "kitabu yangu" na "watu mingi" kutwa kucha, naye ndiye hutusahihisha. Isitoshe, Julai 2022 baraza la mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi ya nchi hiyo. Anayedhani lugha hii inaishia kwenye lango la mpaka hajasikia habari.

Na huo mpaka wenyewe una umri gani? Kabla ya mwaka 1902 sehemu hizi zetu zilikuwa katika mkoa wa mashariki wa Uganda, ndipo Waingereza wakazihamishia upande ulioitwa baadaye Kenya. Kwa hesabu ya yule aliyepiga kelele nyuma, babu zake wa kale walikuwa "Waganda" pia. Waulizeni Wateso wa Malaba, ambao shangazi yuko huku na mjomba yuko kule.

Tukumbuke pia kwamba neno hili hukata pande zote mbili. Mwaka 1970 serikali ya Obote iliwafukuza Uganda maelfu ya wafanyakazi Wakenya, wengi wao Wajaluo. Wapo waliokuwa wameishi kule miaka mingi, wakafanya kazi na kulea watoto huko, lakini siku hiyo waliitwa wageni tu. Tukisikia kisa hicho tunaona uchungu. Mbona basi tunacheka jina la mtu likifutwa ubaoni?

Nitoe mfano wa mbali kidogo. Samuel Wanjiru, yule aliyeshinda marathoni ya Olimpiki huko Beijing mwaka 2008, alikwenda Japani mwaka 2002 akiwa kijana wa miaka 15. Alisoma shule ya upili ya Sendai Ikuei, akajifunza Kijapani, akakimbilia shule hiyo katika mbio za kupokezana za shule za nchi nzima. Alivaa fulana ya shule yao akiwa Mkenya kamili. Kama Wajapani waliweza kumkabidhi mtoto wa Nyahururu kamba ile ya mbio, sisi tunashindwaje kumkabidhi mtoto wa Iganga daftari la kumbukumbu za chama?

Nasikia mwenzetu ameanza kuketi nyuma kabisa mikutanoni, na mara mbili hakuja. Walimu walezi wa chama, nawaomba kwa heshima muliangalie jambo hili. Uchaguzi utarudiwa muhula wa kwanza, na mimi nitalipendekeza jina lile lile. Ninatafuta mtu mmoja wa kuniunga mkono.